Rula Juu ya Kibaba

Mchele mkavu una harufu yake, na wengi wenu hamuijui kwa sababu mnaukuta umeshapikwa. Ukitumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kiwikoni kisha ukautoa, unabaki na vumbi jeupe kwenye malaika, vile vinyweleo vya mkono, na vumbi lile linanuka kama kanga iliyokaa sana sandukuni. Si harufu mbaya wala nzuri, ni ya zamani tu. Juzi nilitumbukiza mkono kwenye gunia la fitri, na pua ikanirudisha kwenye alasiri moja nilipokuwa na miaka minane. Nikasimama jikoni, mkono umo guniani, kama mtu aliyefumaniwa anaiba.

Sijawahi kumsimulia mtu alasiri ile. Naiandika kwa sababu kuandika kidogo naweza. Kusema ndiko kunakonishinda mpaka leo.

Tulikuwa tukikaa Al Baraha, ghorofa ya nne, vyumba viwili na watu sita: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, Ami Nassor ambaye ni mdogo wake Baba, mimi, na mdogo wangu ambaye alikuwa hajaota hata jino. Bibi alizaliwa Unguja, akaja huku nchi ya Waarabu kwa ndoa, na katika vyote alivyokuja navyo kimoja tu ndicho kilichokuwa hakiguswi ovyo: kibaba chake. Kilikuwa cha bati, kifupi, kipana mdomo, kina mkono mmoja uliopinda kama sikio. Kilikuwa cha mama yake kwanza. Kitako chake kiliwahi kuoza, Babu akakipeleka kwa fundi wa bati huko Deira, akakitia kitako kipya. Babu mwenyewe alikuwa ameshafariki wakati wa kisa hiki, lakini kitako chake kilikuwa bado kinang'aa kuliko kibaba chenyewe.

Bibi hakuwa na kipimo kingine. Mama alikuwa akijifunza kuoka keki kwenye simu, na keki za kwenye simu zinataka gramu, basi akija kumuuliza, "Mama, unga wa maandazi yako ni gramu ngapi?" Bibi hujibu, "Gramu ndiyo mdudu gani? Vibaba viwili, na mkono ukikwambia bado, ongeza." Mama huondoka akicheka, na maandazi yake hutoka magumu.

Mimi Bibi aliniita mke mwenzangu. Utani wa mabibi wa kwetu ndio huo, kwamba mjukuu wa kike kaja kumnyang'anya mume. Babu alipofariki nilidhani ataacha kuniita hivyo, lakini hakuacha. "Mke mwenzangu, njoo unitungie uzi kwenye sindano." "Mke mwenzangu, mbona hukuoga?" Nilikuwa mtoto asiyesema. Kwenye lifti watu wakinisalimia natazama namba za ghorofa. Jina lile la utani lilikuwa kama nguo nzito ya kujifunika, nikiitwa nalo nilijua nipo salama.

Na kila mwaka, kwa kibaba kile, Bibi alipima fitri, zaka ya kumalizia Ramadhani. Kila kichwa pishi moja, yaani vibaba vinne vya mchele, hata kitoto kichanga kina chake, na lazima umfikie mhitaji kabla ya sala ya Idi. Chuoni, tulikosoma Kurani, tuliambiwa kwamba asiyetoa fitri, saumu yake inaning'inia baina ya mbingu na ardhi. Watoto wenzangu walisikia wakapita. Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kinachoning'inia. Baba alikuwa akifanya kazi ya ofisi Jumeirah Lake Towers, na siku moja alinichukua, nikawaona watu wanaosafisha vioo vya mnara. Wamekaa kwenye kile kitanda cha chuma kinachoshushwa kwa kamba, ndoo zao ubavuni, na upepo unawasukuma huku na huku. Chini hawajafika, na juu hawarudi. Tangu siku ile nilijua saumu iliyokwama inafananaje.

Mwaka ule mkono wa kulia wa Bibi ulianza kutetemeka. Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, baada ya adhuhuri, alijaribu kupima mwenyewe, mchele ukamwagika sakafuni. Akanitazama. "Mke mwenzangu, mwaka huu utanipimia wewe. Vichwa sita, kila kichwa vibaba vinne, kila kichwa mfuko wake." Akaenda chumbani kumalizia juzuu yake ya mwisho ya Kurani. Hakuongeza neno, kwa sababu kwake yeye hapakuwa na la kuongeza. Ni kama kumwambia mtu anywe maji kisha ukaanza kumweleza mdomo uko wapi.

Nyie mngefurahi vilevile. Siku ile nilikuwa nafunga kutwa nzima kwa mara ya kwanza, na sasa nimepewa kibaba. Na zaidi ya hapo, nilijiona mtaalamu. Wiki mbili nyuma, mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kupima. Alitia mchanga kwenye kikombe, akapitisha rula juu ya ukingo, krrr, mchanga wa ziada ukaanguka. Akasema bila kufuta hivyo kipimo chako ni ubahatishaji. Kisha akaniita mimi nirudie, nikafuta vizuri, akaliambia darasa lipige makofi. Ndiyo mara pekee niliyopigiwa makofi katika maisha yangu ya shule, mpaka hii leo ninayoandika.

Basi nikachukua rula yangu ya plastiki, ile ya sentimita thelathini. Nachota, kibaba kinajaa na kufanya kilima, napitisha rula, krrr, kilima kinarudi guniani. Vibaba ishirini na vinne, vyote bapa kama meza. Nikaona nimepima vizuri kuliko Bibi mwenyewe, kwani yeye nilikuwa nikimwona anachota tu na kumimina, kilima na vyote.

Mifuko mitano Ami Nassor akaibeba, nikafuatana naye kwenye lifti mpaka chini. Chini kulikuwa na Dada Zaituni, Muislamu kutoka Uganda, akikaa chumba kimoja na wanawake wenzake watano wanaotafuta kazi. Kila mwaka fitri yetu ilikwenda kwake. Akapokea kwa mikono miwili, akanisalimia, nami nikatazama viatu vyake. Mfuko wa sita, wa mdogo wangu, tuliusahau juu ya meza ya chakula.

Mfuko ule ndio uliofanya yote.

Ami alikuwa akiuza viatu kwenye duka moja la mall kule Al Barsha, na miezi ile alikuwa na wazimu wa mazoezi. Alinunua mizani ndogo ya betri, anapima kila anachokula, vipande vya kuku, shayiri, hata tende za kufuturia. Tuliporudi juu akauona mfuko. Bibi alikuwa ametoka chumbani, amekaa kwenye kochi, tasbihi mkononi.

"Hebu tumwone huyu bwana mdogo," Ami akasema, akiuweka mfuko juu ya mizani. "Kazaliwa juzi, saumu yake kilo ngapi?"

Mizani ikamemeta namba zake. Ami akainama. Akautoa mfuko, akaurudisha tena.

"Mbili nukta sifuri nane," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?" Bibi akauliza.

"Kilo mbili na kidogo, bi mkubwa. Msikitini wanasema mbili na nusu kila kichwa."

"Waache waseme. Watu walitoa fitri kabla mizani ya betri haijazaliwa. Pishi ni pishi."

"Sikatai. Lakini wao walichukua pishi ya mchele wakaipima, ikatoa mbili na nusu, ndiyo wakasema hivyo. Hii yako inatoa mbili."

"Yangu?"

Ami akakichukua kibaba, akakigeuza, akakigonga chini kwa kidole. "Mimi nadhani ni hiki kitako. Fundi kakiingiza ndani. Kitako kimepanda juu, kibaba hakina kina tena. Tangu siku kilipotiwa kitako, bi mkubwa, kibaba chako kinapunja."

Hakusema kwa ubaya. Ami ndivyo alivyo, neno likimjia linatoka. Lakini neno kupunja kwetu chuoni lilikuwa la watu wa motoni, na sijapata kuliona likimwingia mtu usoni kama nilivyoliona siku ile. Bibi alikiangalia kibaba. Kisha akaanza kuhesabu kwa dole gumba juu ya pingili za vidole, kama mtu anayeleta uradi, ila hakuwa akileta uradi. Alikuwa akihesabu Ramadhani.

"Kilitiwa kitako, Nassor, wewe ukiwa bado unasoma," akasema polepole. "Baba yako yu hai."

"Basi, bi mkubwa, Mungu anajua nia. Yalla, mimi nimechelewa, leo mall itafurika." Akavaa viatu akatoka. Hakujua ameacha nini nyuma yake.

Nami nilikuwa nimesimama pale pale, rula ipo mezani, mbele ya macho ya kila mtu. Nilijua. Sikujua kila kitu, ila nilijua kwamba Bibi hafuti na mimi nimefuta. Neno moja lingetosha. Nililiandaa mdomoni, nikalipanga, "Bibi, ni mimi," maneno matatu, na yakakaa pale pale kama kokwa ya tende. Kila dakika niliyonyamaza ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa ingebidi niseme pia kwa nini nilinyamaza dakika iliyopita.

"We mtoto," Bibi akaita.

Hakusema mke mwenzangu. We mtoto.

Akakifunga kibaba ndani ya mfuko wa supamaketi, akakaza fundo. "Kakitupe."

Majumba yetu yana tundu la taka ukutani, mwisho wa ujia, lina mlango wa chuma unaovutwa chini. Unatia, na taka zinateremka mpaka kwenye pipa kubwa la chini ya jengo. Nikaenda, nikauvuta mlango. Joto likanipiga usoni pamoja na harufu ya maganda na samaki. Juu yangu mtu wa ghorofa nyingine akatupa chupa, nikaisikia ikipita, tang, tang, tang, kisha ikapasuka mbali sana. Nikakinyoosha kibaba ndani ya lile giza. Nilikuwa nikiusikia uzito wake, mkono wake uliopinda umeninasa kidole kupitia kwenye mfuko.

Sikuweza. Nikakiingiza chini ya dera langu, nikarudi nikakificha ndani ya begi la shule.

"Umetupa?"

"Nimetupa," nikasema.

Tazameni uongo ulivyo. Maneno matatu ya kweli yalikataa kutoka, na neno la uongo likaruka lenyewe, tena nimefunga.

Jua likazama. Bibi alifungua kwa tende moja na maji, akasali, na hakurudi kwenye mkeka. Mama akamwita mara mbili, akajibu ameshiba. Baba alikuwa msikitini. Mama akarudi jikoni kukaanga vitunguu vya pilau ya Idi, maana aliona mwezi uandame usiandame vitunguu haviozi. Mimi nikaenda mpaka mlangoni pa chumba cha Bibi, mlango ulikuwa umerudishwa tu haukufungwa.

Alikuwa juu ya msala, mikono ameinua, ule wa kulia unatetemeka.

"Mpokelee," alikuwa akisema. "Ewe Mola, mpokelee mja wako. Yeye hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpimia."

Nikamwona Babu. Nakuapieni, nilimwona waziwazi, amekaa kwenye kile kitanda cha chuma cha wasafisha vioo, kanzu yake nyeupe na kofia yake ya viua, amening'inia nje ya mnara, upepo unamsukuma, na hapati kwenda juu kwa sababu yangu.

"Mwezi umeandama!" Mama akapiga ukelele kutoka sebuleni, runinga imewashwa. "Idi kesho! Mama, sikukuu njema!"

Kutoka pale mpaka sala ya Idi palikuwa pamebaki usiku mmoja tu. Nikakimbilia begi la shule.

Niliingia jikoni, nikakifungua kibaba kwenye mfuko, nikaweka mizani ya Ami chini sakafuni, nikavuta gunia. Mama akageuka na mwiko mkononi. "Wewe, unafanya nini na mchele wangu?" Nilichota kibaba bila rula, kilima kikapanda mpaka punje zikaanza kuteleza pembeni zenyewe. Nikamimina mfukoni. Mara ya pili. Bibi alisikia mlio wa bati la kibaba, hakuna mlio mwingine kama ule nyumbani kwetu, na nilipoinua macho alikuwa mlangoni amejishikilia.

"Si nilikwambia ukatupe?"

Nikachota cha tatu, na cha nne. Nikauweka mfuko juu ya mizani. Machozi yalikuwa yananizuia kuona namba.

"Msomee Bibi," nikamwambia Mama. Ndiyo sentensi ya kwanza tangu alasiri.

Mama akainama. "Mbili nukta tano sita."

"Ndiyo nini?" akauliza Bibi.

"Ni mbili na nusu, Mama. Na punje za ziada."

Nikaumwaga mfuko. Nikaenda kuchukua rula mezani. Nikapima tena, mara hii kila kibaba nakifuta mbele yao, krrr, krrr, krrr, krrr. Mama akasoma bila kuambiwa. "Mbili nukta sifuri nane." Akanitazama, akamtazama Bibi, mwiko ukidondosha mafuta. "Kumbe!"

Bibi aliichukua rula mkononi mwangu, akaigeuzageuza kama kitu kilichookotwa ufukweni.

"Nani kakufundisha kufuta?"

"Mwalimu."

"Mwalimu wa chuoni?"

"Wa sayansi."

Mama akacheka, akaziba mdomo. Bibi hakucheka. "Huo ni mfuto," akasema. "Mfuto ni wa muuza duka. Fitri inapimwa kwa kibaba cha tele, mpaka kikatae kubeba." Kisha akanitazama sana. "Toka alasiri ulikuwa ukijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nassor akisema vile, ulikuwa ukijua?"

Nikaitikia.

"Na mimi nikilia huko ndani?"

Hapo hata kichwa hakikuweza. Nilikuwa nangoja kofi, na kofi lingekuwa afadhali. Alikaa juu ya gunia, akashusha pumzi ndefu, akakipakata kibaba mapajani kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Vitunguu vikaungua.

Kisha akasema, "Haya, tuhesabu. Kila mfuko umepungua ngapi?"

Mama akachukua simu, lakini mimi nilishaona. Kibaba kimoja cha mfuto kilikuwa na uzito wa nusu kilo na ushei. Kila mfuko umepungukiwa karibu nusu kilo. "Kibaba kimoja kimoja," nikasema. "Hata cha mfuto kinatosha."

"Vya tele," akasema Bibi. "Sita. Upime wewe."

"Na pilau yangu?" Mama akauliza.

"Pilau yako itakuwa ya kuonja."

Asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda kusali, tulishuka na Bibi kwenye lifti, mimi nimebeba mfuko uliosahaulika na mfuko wa nyongeza. Nilidhani Bibi ndiye atakayesema. Tulibisha, na mlango ulipofunguliwa akarudi hatua moja nyuma, akaniacha mbele.

Dada Zaituni alikuwa ameshavaa nguo ya sikukuu. "Eh, Jajja, bibi yetu, mmeleta tena? Ya jana hata hatujamaliza kufungua. Hii ni ya nini?"

Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya. Nilimsikia Bibi nyuma yangu akipumua.

"Ya jana ilipungua," nikasema. "Niliifuta kwa rula. Ni mimi."

Halafu Dada Zaituni akapiga makofi, akageuka ndani kuwaambia wenzake, "Banange, njooni! Huyu mtoto anaongea! Mwaka mzima mlangoni pa lifti mimi namsalimia, nikajua labda ulimi hana!" Wakaja mlangoni wakicheka, wananishika mashavu, na mimi natamani sakafu inimeze, na bado naona kitu kifuani kimefunguka kama fundo la mfuko.

Kwenye lifti Bibi alibonyeza namba nne. Milango ikajifunga. Hakunitazama, alikuwa akitazama namba kama ninavyofanya mimi.

"Jioni Nassor akija," akasema, "hii ya rula utamwambia mwenyewe, mke mwenzangu."

Hakuizungumza tena siku ile mpaka anafariki, miezi sita iliyopita. Lakini kila mwaka, siku ya ishirini na tisa, akinikabidhi kibaba, kwanza alikuwa akiitafuta rula yangu popote ilipo, anaiweka juu ya kochi, na anaikalia. Anamaliza juzuu yake hapo hapo, amekaa juu ya rula. Ami Nassor alikuwa akipita na kusema, "Bi mkubwa, kuku anaatamia," naye anajibu, "Pita na mizani yako."

Mwaka huu Baba alisema fitri tuitoe kwa simu, ni rahisi, unabonyeza tu. Mama akamwambia abonyeze yake. Nikatoa kibaba kabatini, nikavuta gunia. Vichwa vitano, na cha Baba kimo. Kochi lilikuwa tupu, na rula, sijui nani aliitoa, ilikuwa mezani mbele yangu alasiri nzima, hakuna aliyekuja kuiondoa.

Nikainuka, nikaichukua, nikaikalia.